Mkate wa Mayai Uliorudi kwa Mwenyewe

Juzi nilifungua friji nikakuta kipande kilichobaki cha mkate wa mayai, ule unaokunjiwa nyama na mayai ndani, na binti yangu keshakinyakua anataka kukitia kwenye maikrowevu. Nikampokonya. Mkate wa mayai ukipashwa humo hulegea kama kitambaa cha deki, na mimi nimelelewa na nyanya ambaye angenikana kwa kosa hilo.

Nyumbani kwetu Mji wa Kale kiporo kilipashwa kwa adabu. Nyanya aliweka kaango kavu juu ya moto mdogo, bila mafuta, kwani mkate una mafuta yake. Aliufunika kwa sahani, akaugeuza taratibu mpaka ukaanza kulia chiii na harufu ya nyama, kitunguu na pilipili manga ikapanda mpaka ghorofani. Siku ya pili ulikuwa mtamu kuliko ya kwanza, haki ya Mungu.

Sasa nikwambie kisa chake. Nyanya na jirani wa mlango wa pili, mashoga wa tangu utotoni, walikuwa hawasemezani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Miezi miwili mizima nyanya akipita mlango ule ameshika buibui lake kwa mkono, macho mbele. Lakini alasiri alikuwa akitega sikio ukutani asikie kama mwenzake anakohoa. Alikuwa na hamu naye, ila kuanza ndiyo kazi.

Alhamisi moja jirani akaleta mkate wa mayai, umefunikwa kwa kitambaa, sahani ya maua ya buluu. Alimpa mama yangu mlangoni akenda zake. Nyanya alikula huku akifuta macho, akisingizia pilipili.

Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Kesho yake nyanya akakaanga viazi karai, vile vya kuchovywa kwenye unga, akapasha na vipande vitatu vya mkate vilivyobaki, kisha akaniambia, "Tia viazi kwenye sahani ya watu, upeleke. Mimi naswali." Akageukia msala wake.

Mimi nilikuwa na miaka minane, na viazi karai nilikuwa navipenda kufa. Nikajiambia chakula ni chakula. Nikatia mkate kwenye sahani, nikapeleka mbio, nikarudi kuvishambulia viazi kwa ukwaju.

Nyanya alipotoa salamu ya swala na kuona viazi bado vipo, akakaa chini palepale. "Umempelekea nini?"

Nikamwambia.

"Ewe mtoto, umeniua. Ataona nimemtupia chake usoni." Hakunipiga. Alikaa tu na tasbihi bila kuihesabu, na mimi nikakirudisha kiazi chini. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu mzima naye huogopa kupoteza rafiki.

Kabla ya magharibi mlango ukagongwa. Alikuwa ni jirani, na sahani ile mkononi, tupu.

"Shoga," alisema, "mkate wako umenishinda. Wangu hauwi mkavu hivi. Wafanyaje?"

Nyanya akajibu, "Moto mdogo tu, shogangu."

"Basi nifundishe."

Wakaingia jikoni wote wawili, wakavimaliza viazi vilivyobaki, wakacheka mpaka adhana ikawakuta. Kamba ya nguo haikutajwa tena.

Miaka ilipita. Siku ya tatu ya matanga ya nyanya, jirani, mzee sasa, alinivuta kando. "Unakumbuka mkate ule?" aliniuliza. "Pembe yake moja niliiunguza. Nilipofunua sahani nikaiona pembe yangu yarudi imeungua vilevile. Nilichukia, mwanangu, nikasimama nikaketi. Kisha nikasema, nikinyamaza leo ndiyo basi."

Naye ametangulia. Siku hizi nakaa Buxton, si mbali na Mji wa Kale, ghorofa ya tatu. Majirani zangu wazuri na salamu tunapeana kwenye ngazi, lakini sahani hazitembei, na mimi nimezembea kama wao.

Mkate wangu wa juzi niliupasha kwenye kaango, nikaula juu ya sahani ya maua ya buluu. Sahani ile ilikuja kwangu na kaimati za jirani yule, wiki moja kabla hajafariki. Binti yangu aliniona naiosha peke yake, naifuta, naiweka karibu na mlango, akauliza kwa nini haikai kabatini na zetu.

"Hiyo ni ya watu," nilimwambia. "Sijairudisha."