Mwanangu Si Chenga

Mwanangu ana jina. Nililichagua mwenyewe tumbo likiwa la miezi minne, nikaliandika nyuma ya kadi ya kliniki kwa kalamu ya kuazima. Sitalitaja hapa kwa sababu haliwahusu. Niseme tu kwamba mwaka ule lilikuwa jina la kila mtu. Simama soko la Uyole uliite kwa sauti, wasichana watano watageuka. Wa kwangu hatageuka. Wa kwangu kazoeshwa kuitwa Chenga.

Chenga ni mchele uliokatika. Mtu wa Uyole haelezwi hilo, nawaeleza ninyi wengine. Mchele ukitoka mashineni unachekechwa, punje nzima zinabaki juu, zilizovunjika zinadondoka chini. Nzima zinauzwa kwa wasafiri. Chenga wananunua wapika vitumbua na wafuga kuku.

Mama mkwe wangu anauza mchele. Mkono wake haupiti kwenye gunia bila kuchota kidogo, kusugua kwa kidole gumba, kupuliza na kutoa hukumu: huu wa Usangu, huu umechanganywa, huu chenga. Mwanangu alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba nesi alimbeba kwa mkono mmoja. Mama mkwe akaja wodini na chupa ya uji, akafunua khanga, akashika kile kimkono, akakisugua kwa kidole gumba. Haki ya Mungu, akakisugua.

"Hii chenga," akasema.

Wodi nzima ikacheka. Mimi nilikuwa na mshono, hata kukaa siwezi. Wifi yangu alicheka kuliko wote, na ndiye aliyelibeba hilo neno mpaka nyumbani.

Msidhani ulikuwa utani. Kwao, mtoto wa kwanza wa kike anachukua jina la mama wa baba yake, na baba anamwita mwanawe "mama" maisha yake yote. Nilijua, na nilikataa. Jina lake ni zuri, sina ugomvi nalo. Ila siwezi kumpa mwanangu jina la mtu aliyeniambia, siku ya kwanza naingia kwake, kwamba wasichana wa Ilula tunachojua ni kukimbilia mabasi na nyanya. Mume wangu alikubaliana na mimi. Yeye hukubaliana na kila mtu, siku hiyohiyo. Mama yake alipotajiwa jina, alitafuna kitu ambacho hakikuwepo mdomoni, kisha akasema, "Hilo la kwenye luninga sitaliweka kinywani mwangu."

Hakuliweka. Miaka sita.

Na huku kwetu ukishazaa, jina lako wewe linakufa, unaitwa kwa mtoto. Kwa hiyo mimi nikawa Mama Chenga. Muuza mkaa, Mama Chenga. Kwaya kanisani, "Mama Chenga, sauti ya pili njoo huku." Nikawa siitiki. "Heee, Mama Chenga siku hizi kiziwi?" Wacheke.

Nina sababu. Jicho langu la kushoto lina njia yake, na shule ya msingi kule Ilula sikuwa na jina jingine zaidi ya Kengeza. Nilipofaulu kwenda sekondari Iringa mjini, nilipanda kilima cha kuingilia mjini na sanduku langu nikiamini nimeliacha jina barabarani, katikati ya matenga ya nyanya. Siku ya pili bwaloni, msichana mmoja wa kwetu akanipungia toka mwisho wa meza: "Kengeza! Kumbe na wewe upo!" Miaka minne mingine. Najua jina la utani linavyopanda gari. Ndiyo maana niliapa kwamba mdomo wangu mimi hautatamka Chenga, na miaka sita haukutamka. Nilimwita "mwanangu" tu, nikidhani jina lake atalikuta shuleni.

Januari hii mama yangu aliugua. Nikaenda Ilula wiki mbili kumuuguza. Mtoto nilimwachia baba yake, maana yake nilimwachia mama mkwe. Niliporudi nikamkuta ndani ya sare mpya, kaandikishwa darasa la kwanza. Bibi yake ndiye aliyempeleka. Nikafunua daftari. Chenga, halafu jina la babu yake. Kwa wino.

"Cheti cha kuzaliwa kiko wapi?" nilimuuliza mume wangu.

"Mama anacho. Anasema mwalimu hakukiuliza."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Sasa Mama Chenga, jina si jina tu jamani?"

Hata yeye! Chakula alijipakulia mwenyewe.

Asubuhi, siku ya Alhamisi, nilikuwa shuleni kabla ya kengele. Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima, akanifungulia rejista bila haraka.

"Mama, jina hilo unalolisema, hapa ninao watatu tayari. Mmoja namwita Mrefu, mmoja wa Mchungaji, mmoja Mweupe. Wa kwako nilimuuliza, akasema mwenyewe anaitwa Chenga. Ulitaka nibishane na mtoto?"

"Nataka uandike jina lake."

"Lete cheti. Ila kesho mchana majina yanaingizwa kwenye mfumo. Yakishaingia, ndiyo hayo mpaka mtihani wa darasa la saba. Kubadilisha huko ni mahakama na viapo, utachoka."

Nikaenda moja kwa moja sokoni. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, chekeche mikononi, anachekecha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umerudi? Mgonjwa anaendeleaje?"

"Naomba cheti cha mtoto."

Akaendelea kuchekecha. "Cheti gani?"

"Mama, cheti."

Wanawake wa vibanda vya jirani wakaacha kupima. Hapo ndipo aliponitazama.

"Ungempa langu, ningemwita langu. Wewe ukampa la watu wote. Sasa mtu wa watu wote nimwiteje? Mimi nimempa la kwake peke yake."

"Umempa la chakula cha kuku!"

"Mkwe, shika adabu," mmoja akasema nyuma yangu.

Sikushika adabu, nilishika chekeche. Sijivunii, ila ndivyo ilivyokuwa. Nikavuta, akavuta, na yule bibi ana nguvu, asikudanganye mtu. Chekeche likapinduka, chenga zote zikamwagika miguuni petu, na kuku wa mama wa kibanda cha pili wakaja mbio kama walioalikwa. Soko likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliinama kwenye mkoba wake, akatoa cheti. Alikuwa anatembea nacho! Kimefungwa kwenye nailoni, hakijakunjika hata pembe.

"Chukua," akasema. "Kamwite. Tuone kama ataitika."

Ijumaa saa mbili mwalimu alikata Chenga kwa rula, mstari mmoja mwekundu, akaandika juu yake jina la mwanangu. Nilisimama pale nikihesabu herufi. Kisha akaingia darasani kuita majina, na mimi nikabaki dirishani, nataka nisikie kwa masikio yangu.

Akaita jina. "Wa Mchungaji."

"Nipo."

Akaita tena. "Mrefu." Nipo. "Mweupe." Nipo. Akaita mara ya nne, safari hii na jina la babu yake, kama lilivyo kwenye cheti.

Mwanangu alikuwa dawati la tatu, anachora kitu kwa kidole. Mwalimu akarudia. Watoto wakaanza kuangaliana. Mwanangu naye akageuka nyuma kumtafuta huyo anayeitwa. Nikamwonyesha kwa mkono, ni wewe, ni wewe, hakuniona. Mwalimu akainua peni yake toka kwenye rejista, akanitazama dirishani, anangoja.

"Chenga!" nikapiga kelele. "Itika!"

Akasimama papo hapo.

"Abee mama."

Darasa zima likacheka, na mwalimu akaweka alama yake ya vema. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikazunguka kwa nyuma ili nisipite sokoni.