Chuma cha Mdomo wa Tanuri

Baba alikuwa Msabato kwelikweli. Kila Ijumaa, kabla ya jua kuzama, alizima moto wa tanuri letu la mikate pale Suna. Mama, aliyeingiza na kutoa mikate kwa koleo refu la mbao, alipata siku ya kupumzika. Baba aliamini chuma nacho kilipumzika.

Chuma chenyewe kilibeba matofali juu ya mdomo wa tanuri. Kilikuwa cha aloi, mchanganyiko wa metali unaostahimili joto, kilichotolewa kwenye boila ya kiwanda fulani, naye Baba alikinunua kwa watu wa skrepa, wauza vyuma chakavu. Alikionea fahari kuliko alivyotuonea sisi watoto, Mungu anisamehe. Lakini miaka ilivyopita kilibonyea katikati. Basi Jumapili, tanuri likiwa baridi, Baba alitegemeza matofali kwa magogo, akakichomoa, akakipindua mgongo ukatazama juu, akakirudisha. Baada ya miezi kadhaa moto na mzigo vilikuwa vimekinyoosha.

"Unaona?" aliniambia. "Hii chuma si ya kawaida. Ikipumzika Sabato, inarudi vile ilikuwa."

Nilikuwa nimesomea ufundi wa vyuma, na kunyamaza si tabia yangu. Nilimweleza kwamba aloi kama ile haiyeyuki kwa moto wa kuni, ila ikikaa kwenye joto kali chini ya mzigo uleule hurefuka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Ndani yake vitundu visivyoonekana kwa macho hufunguka kati ya chembe, vikaungana, na mwishoni hurefuka mbio mpaka ikatike. Kukipindua kulinyoosha umbo tu, uhai wake haukurudi.

"Baba, weka kingine."

Alicheka, akamwambia Mama kwamba wasomi siku hizi wanaogopa hata mkate. Mama naye akacheka. Alipenda sana tulipobishana.

Kilikatika Jumatatu asubuhi, Mama akiwa ameinama kutoa mikate. Matofali yenye moto yalimwangukia mgongoni, na hospitalini hakutoka. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Nauchukia msemo huo, maana aliyekufa siye aliyekataa kusikia.

Tulimzika nyumbani, upande wa Homa Bay. Waombolezaji walipotawanyika, Baba alibaki kwenye kiti cha plastiki karibu na udongo mbichi, akaniita.

"Nyathina, mtoto wangu, hiyo chuma ilianza kuvunjika lini? Ni hiyo asubuhi?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Lakini nilikuwa na uchungu, na nilikuwa nimemkasirikia tangu hospitalini.

"Ilianza siku ya kwanza ulipowasha moto, Baba. Miaka yote tukiuza mikate, ilikuwa inavunjika."

Baba aliinama, akasawazisha udongo kwa kiganja.

"Kumbe kila asubuhi," alisema, "ni mimi nilikuwa namwambia mama yako, simama hapo."