Saa Sita Zilizopunguzwa Bure

Programu aliiandika Tumpale mwenyewe, katika kiofisi chake cha Mlowo: inasoma jedwali la safari za kosta kwenye kompyuta, kisha inawatumia abiria ujumbe wa muda wa kuondoka. Asubuhi ile aliiogopa. Mama yake, anayeishi kijijini Ibaba, alikuwa na zamu ya kupasuliwa jicho Mbeya mchana huo. Akichelewa, zamu anapewa mwingine, na jicho lilishaanza kuuona mlango kama ukungu.

Akausoma ujumbe uliokwenda kwa mama: "Gari linaondoka saa 8:00."

Kosta ya kutoka Ibaba kwenda Mbeya huondoka saa mbili asubuhi. Akampigia Enesi, karani mpya wa Tunduma anayejaza jedwali.

"Enesi, muda wa Ibaba umeuandikaje?"

"Mbili, nukta mbili, sifuri sifuri. Kwani dada wewe saa mbili unaiandika kwa Kibemba cha Zambia?"

Tumpale akaelewa kosa. Kompyuta huanza kuhesabu siku usiku wa manane. Kwake, saa mbili asubuhi ni 8:00. Karani wa zamani aliandika hivyo, na programu ikapunguza saa sita ili abiria wasome saa wanayoijua. Enesi aliandika saa ya Kiswahili moja kwa moja. Kompyuta ikaiona 2:00, ikadhani ni saa nane usiku, ikaandika nane. Na nani Ibaba atasoma saa nane asifikirie mchana?

Simu ya mama haikupatikana. Akampigia Felix, kondakta.

"Sista, gari tupu! Watu wa Ibaba wametususia?"

"Usiondoke, kaka. Kamwite mama yangu, nyumba ya nyuma ya kanisa. Nakuomba sana."

Akasubiri, simu sikioni. Alimwona mama akilini akipapasa ukuta wa jikoni, mwaka huu, mwaka ujao. Hatimaye sauti ikaja, ikihema.

"Wewe Tumpale! Nimetolewa kwenye viazi kama mwizi. Nina gambuti za matope, daktari atanionaje?"

"Anatazama jicho, mama, hatazami miguu. Panda gari!"

"Nimeshapanda. Lakini humu niko na dereva na Felix tu. Wenzangu nao uliwaambia saa nane?"

Tumpale akafungua orodha ya abiria wa Ibaba.

"Mwambie Felix asubiri kidogo," alisema, na kuanza kumpigia abiria wa kwanza.