Mashindano Matatu ya Goti la Mashoto

Shemeji yangu Evaristo Bentancur alikuwa fundi wa meno ya bandia, na nusu ya wanaume aliowafunga kwenye tenisi, pale Paysandú na miji yote ya kando ya mto, walikuwa wakitafunia meno aliyowatengenezea yeye. Alipenda kusema kwamba anamjua mpinzani kuanzia kwenye ufizi. Kwa kuwa alicheza kwa mkono wa kushoto, watu walimwita Mashoto. Hata dada yangu Nélida, mkewe, alimwita hivyo siku wanazoelewana. Akimwita Evaristo, mimi niliaga nikaenda kwangu.

Kwa miaka tisa alikuwa bingwa wa wakongwe wa upande wetu wa nchi. Kisha, akiwa na miaka sitini na mitatu, goti la kulia likavimba kama tikiti, na daktari akainua picha ya eksirei dirishani akaitazama mpaka sote tukaanza kuogopa.

"Goti hili lina mashindano matatu kwa mwaka," alisema. "Ya nne utayacheza kwa magongo."

Kalenda ya mwaka huo ilikuwa na mashindano kumi na moja. Klabuni kila mtu akawa mshauri. Mwenyekiti alimtaka acheze ya nyumbani, kwa sababu bila yeye hakuna mtu angekuja kutazama. Nélida alipendekeza yale yanayochezwa karibu na chemchemi za maji moto, na hakuficha kwamba anayetaka kuoga ni yeye. Mimi nilisema Mercedes, ambako nyama huchomwa na watu wanaojiheshimu. Mashoto alitusikiliza wote kwa adabu, kisha akajifungia na kalenda na penseli nyekundu kwenye meza yake ya kazi, katikati ya mataya ya plasta.

Mwanzoni alikwenda kwa akili. Colonia alifuta kwa sababu uwanja wa kule ni wa saruji, na saruji humaliza goti kabla ya chakula cha mchana. Salto alifuta kwa sababu ni Januari, jua linachemsha ubongo, na bingwa lazima ashinde mechi tano. Yalipobaki saba, penseli ikasimama, kwa sababu sasa alikuwa amefika kwenye tatizo lenyewe, nalo lilikuwa na jina: Wáshington Etcheverry.

Huyo Etcheverry alikuwa mkulima wa machungwa wa Salto, mwenye umri sawa na Mashoto na ujanja wa kupita wake. Walikuwa wamekutana mara ishirini na nane, na kila mmoja ameshinda kumi na nne. Mashoto alijua kwamba kwa goti lile huenda wakakutana mara moja tu tena, na atakayeshindwa atakwenda na kushindwa huko kaburini.

"Sasa si ndiyo umtafute mmalizane?" nilimwuliza.

"Shemeji, wewe hujawahi kuwa bingwa," alisema. "Bingwa mzee hatafuti mechi. Anatafuta kombe."

Ndivyo alivyoanza kupanga vita. Alinituma kwa kinyozi wetu, ambaye dada yake ameolewa Salto, nimwambie kwa kunong'ona kwamba Mashoto anajiandaa kwa Mercedes, na nimwapishe asimwambie mtu. Siku nne hazikupita, likaja sanduku la machungwa kutoka kwa Etcheverry, na barua ya kusikitisha. Nyonga yake ilikuwa inakwenda kufanyiwa upasuaji. Hangeshika raketi kabla ya Oktoba. Alimtakia rafiki yake ushindi mwema huko Mercedes.

Nélida alilengwa na machozi. Mashoto aliisoma barua mara mbili huku akimenya chungwa.

"Mtu anayekwenda kupasuliwa hakumbuki kutuma machungwa," alisema. "Atakuwa Mercedes, anisubiri. Na mimi sitakuwepo."

Alichagua Los Arrayanes. Hata kwenye ramani ya klabu hapakuwepo. Ni kijiji chenye kituo cha reli kisichopitiwa na treni, uwanja mmoja wa udongo mwekundu, na mashindano yanayoendeshwa na mwalimu wa shule ambaye pia ndiye mwamuzi na mpishi. Wachezaji walikuwa sita. Zawadi ya bingwa ilikuwa mwanakondoo, naye alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya wavu ili watu wamwone. Niliendesha mimi, kwa kuwa goti halikutaka kukanyaga klachi, na njia nzima Mashoto alikuwa akipiga mluzi kama mtu aliyeiba bila kuonekana.

Tulipozunguka tangi la maji kutafuta kivuli, tulimkuta Etcheverry ameegemea ukuta, ananyoosha nyonga.

 Mimi nilishughulika na kufungua chupa ya maji moto ya ile chai yetu ya majani tunayoiita mate, maana sikuwa na pa kuangalia.

"Nilisikia uko hospitali," alisema Mashoto.

"Nami nilisikia uko Mercedes."

"Nyonga vipi?"

"Ipo. Na goti?"

"Lipo."

Mwalimu alichanganya majina sita ndani ya kofia, na mechi ya kwanza aliyoitoa ikawa yao. Mashoto akauliza kama inawezekana kurudia kuchanganya. Mwalimu akamjibu kwamba shuleni kwake mtihani haurudiwi.

Nimetazama tenisi miaka arobaini na sijaona ukatili kama ule. Kila mmoja alijua mwenzake hawezi kukimbia, kwa hiyo kila mmoja alipiga mpira mfupi, udondoke tu nyuma ya wavu, na mwenzake aufuate huku anaguna. Seti ya kwanza alishinda Mashoto, ya pili Etcheverry. Wanakijiji walianza kuleta viti kutoka nyumbani. Seti ya tatu ilipoanza, Etcheverry alitoa meno yake ya juu akayaweka benchi juu ya taulo, kama alivyofanya siku zote mambo yakichacha. Mashoto akamlalamikia mwamuzi kwamba hawezi kucheza huku kazi ya mikono yake mwenyewe inamchekelea.

Lakini alikuwa akicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu lile goti lianze kuvimba. Alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi, shati limemganda mgongoni, anamtukana Etcheverry kila wanapobadilishana upande, na Etcheverry anamrudishia bila meno, nusu ya matusi haieleweki.

Ilifika gemu sita kwa tano, Etcheverry akihitaji pointi moja tu. Akapiga mpira mrefu kwenye kona. Mwalimu alikuwa ameinuka kidogo kuchungulia nyama motoni. Akageuka, akasema umetoka.

Sasa, lazima niseme ukweli kuhusu shemeji yangu. Mto mzima ulijua tabia yake ya kukagua alama ya mpira kwenye udongo na kuifuta kwa kiatu kabla wengine hawajafika. Alikwenda akichechemea mpaka kwenye ile alama. Etcheverry hakusogea hata hatua moja, alijua. Mashoto alisimama pale, kiatu kikiwa juu ya mstari, akaangalia kwa muda mrefu mno.

"Ulikuwa ndani," alisema, akaenda kumpa mkono.

Kwenye gari nilimwuliza kwa nini. Alisema kama angeifuta alama angelazimika kucheza gemu nyingine, na kwamba mimi sikujua goti lilikuwa likimwambia nini. Sikumwamini. Alikuwa amegeuzia uso wake dirishani.

Kabla ya hapo, lakini, kulikuwa na chakula. Etcheverry alikakamaa mwili hata akashindwa kuinuka kwenye kiti kwa mechi ya jioni, akajitoa, na mwanakondoo akaenda kwa karani wa posta ambaye siku nzima alicheza seti tatu. Wakongwe wawili walilala chali kwenye nyasi, kila mmoja na barafu yake, wakaitisha kalenda. Waliigawa upya yote. Uwanja uwe wa udongo, kuwe na kivuli, mechi zisizidi mbili kwa siku, kitanda kisiwe mbali na choo. Yalibaki mashindano matatu kwa mwaka. Wakakubaliana wayacheze yaleyale, pamoja, kwa gari moja, na dereva awe mimi. Mimi hawakuniuliza.

Miaka mitatu nimewaendesha hivyo. Wanadanganyana kuhusu dawa walizomeza asubuhi, na hakuna anayekubali kukaa kiti cha nyuma. Mwezi uliopita, huko Mercedes, walifungwa wote wawili raundi ya kwanza, mapema kabisa, na tukabaki na siku nzima ya kula.