Nilimsingizia Mke Wangu kwa Sababu ya Vidonge vya Presha

Admin, jina langu liache, huku Mafinga kila mtu ananijua. Nina miaka sabini na moja. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, shule niliishia la tatu, mkiona makosa mpite. Ila msinidharau. Mimi nimepasua mbao kwa msumeno wa mkono kabla mashine hazijaja, juu ya gogo nasimama mimi, wa chini wanapokezana wawili na mimi sijachoka. Nimejenga nyumba ya bati, nimesomesha watoto wanne. Mwanaume wa rika langu aliyenishinda huku simjui.

Miaka mitatu iliyopita zahanati wakasema nina presha. Nikasema presha ni ya watu wa ofisini. Mke wangu, Mama Tumaini, akalibeba hilo jambo kama mtoto mgongoni. Akaondoa chumvi kwenye chungu cha nyumba nzima ili nisile peke yangu chakula cha mgonjwa, naye akala hivyo hivyo. Kila asubuhi ananiletea kidonge na maji, anasimama mpaka nimeze. Mimi nakificha chini ya ulimi, akigeuka nakitema kwenye maua. Alipogundua akaanza kukisaga na kukikoroga kwenye uji wangu.

Siku moja nikamkuta anakoroga, unga mweupe kwenye kijiko. Na wiki hiyo hiyo kwenye kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, walikuwa wamenicheka, "Mzee, siku hizi unapangiwa mpaka chumvi? Nani kaolewa pale kwako?" Nikaitisha kikao cha ukoo. Mbele ya kaka yangu mkubwa na watu wazima kama ishirini nikasema mke wangu ananiwekea vitu kwenye chakula.

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo panaponichoma. Karatasi ya vidonge niliiona siku ile ya uji, ilikuwa pale pale mezani. Nilijua ni dawa ya presha. Nikanyamaza. Yeye analia anasema ni vidonge, nani amsikilize wakati mwenye maneno ni mimi. Kaka akaamua asiguse tena dawa zangu, na chakula changu akionje kwanza mbele yangu. Akapigishwa magoti akaomba radhi. Nilirudi nyumbani mshindi.

Tangu hapo anapika, anaweka chumvi, anaonja, anaondoka. Dawa nikawa nameza kichwa kikiuma tu, siku nyingine viwili kwa mpigo. Mwaka huu nimeanguka mara mbili. Ya pili mdomo umepinda, mkono wa kushoto hauna kazi. Nesi akaniuliza, "Babu, nyumbani nani anakusimamia dawa?" Nikamjibu, mke wangu. Akasema nikianguka tena naweza nisiongee kabisa.

Kaka alishafariki, kiti cha ukoo nakalia mimi, kesi za watu naamua mimi. Nikamwita mke wangu. "Mama Tumaini, mkubwa sasa ni mimi. Nimekufungulia. Nishikie dawa zangu."

Akaniangalia. "Umenifungulia kosa gani, Baba Tumaini?"

"Lile la uji."

"Lilikuwa la nani?"

Nikamsogezea karatasi ya vidonge.

"Basi. Ukifa mkono wangu ukiwa kwenye dawa zako, watasema yule mchawi kamaliza kazi yake. Meza mwenyewe."

Nikampigia Tumaini, binti yetu, yuko Mbeya, nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Baba, mama ulimsema mbele ya watu. Mimi unaniambia kwenye simu ili iweje?" Akakata.

Nikiitisha kikao nikasema ukweli, hakuna atakayeniamkia tena kwa heshima, na mke wangu sioni akinirudia hata hivyo, moyo wake ulishatoka. Nikikaa kimya, naondoka hivi hivi na yeye anabaki na jina la uchawi. Na maneno yameanza kuwa mazito mdomoni, juzi niliomba maji hakuna aliyenielewa. Nishaurini watu wangu, nianzie wapi, nimwambie nani kwanza, wakati bado nasikika?