Daktari wa Ndengu na Mbuzi Aliyefura

Mimi nilitoka shule kabla shule haijanizoea, lakini hili shamba la Kyuso ni langu, nililinunua kwa kuuza ngozi na kokoto. Watu wa utafiti walipotaka mahali pa kujaribia ndengu zao mpya, walikuja kwangu na viatu vinavyong'aa.

Wakaniletea binti mwenye digrii zote. Tukasikia anaitwa daktari, tukaridhika. Ndengu zilipoanza kufunga maganda, mama mmoja jirani yangu akamburutia mbuzi aliyefura tumbo.

"Mama, mimi ni daktari wa ndengu."

"Ndiyo maana nimekuletea. Amekula zako!"

Tulicheka mpaka tukauona uso wa daktari. Mbuzi alipita pale ambapo ua ungekuwa, kama bosi wa binti huyo, aliye ofisini mjini, angetoa ruhusa ujengwe. Bosi huyo aliikatakata kazi kama nyama ya mnada: daktari apande, kitengo kingine kivune, cha tatu kipate sifa.

Tulimnywesha mbuzi mafuta ya kupikia, akajamba kama trekta, akapona. Daktari akaketi vumbini.

"Mzee, mimi naacha kazi. Nilisoma kote huko nije kudondosha mbegu shimoni, nisione hata moja ikivunwa?"

Niliogopa, na si kwa huruma tu. Ndengu zake zilikuwa kijani wakati jua limeshakaanga zangu. Nilizitaka mbegu hizo.

"Shamba ni langu," nikamwambia. "Ua tunafunga leo. Bosi wako aje anishike."

Tukakata matawi ya miiba, tukafunga, mikono ikatoka damu. Yeye akawa anaimba.

Kesho yake bosi akafika na gari. "Nani ameruhusu?"

"Mimi."

"Mzee, kwani umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka kufunga ua. Wewe je?"

Daktari hakucheka. Akamwambia, "Bosi, nataka hii kazi yote. Nipande, nichunge, nivune, niwapikie hawa watu waniambie kama ni tamu. Ukikataa, nirudishe mjini nikafungashe vitu vyangu."

"Kuvuna ni kazi ya kitengo kingine."

"Haya basi, twende."

Daktari akaingia garini, akafunga mlango. Bosi akabaki amesimama na ufunguo mkononi. Akazitazama ndengu. Akanitazama mimi, na mimi sikumsaidia.

"Shuka," akasema mwishowe. "Utavuna wewe."

Daktari akashukia mlango wa upande wa shamba.