Mkono wa Kushoto na Maboga ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, sijafikisha hata miaka tisa, niliokoa shamba la familia yetu kwa mkono mmoja. Mnaotaka kucheka chekeni sasa, maana mbele mtanyamaza.

Shamba lenyewe, haya, lilikuwa kama sebule mbili, nyuma ya reli kule Tottenham. Mama, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani kwao, alilisubiri miaka kwenye foleni ya manispaa. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa geti alicheza jikoni na viatu vya kazini. Sharti lilikuwa moja: wakija kukagua katikati ya kiangazi wakute kimeota kitu. Wakikuta magugu, anapewa mwingine.

Ndipo Bibi akaja kututembelea kutoka Lushoto, baridi bado kali, na mbegu za maboga kafunga kwenye ncha ya kanga. Aliniita mke mwenzake, maana kwa utani wetu Babu alikuwa mume wetu sote. Nikimjibu kwa Kiingereza anageukia ukuta: "Kuna mtu kaongea humu?"

Mwezi wa tatu ulipoingia alitoka nje, akainua uso, mvua ikamlowesha.

"Masika hayo. Twendeni tukapande."

"Mama, huku bado baridi," mama akasema. "Majirani wote shambani wanasubiri."

"Majirani zako wanalima maua."

Tukaenda. Mama anachimba, Bibi anaweka samadi. Mimi nikachota mbegu, nikainama. Kofi dogo likanitua mkononi.

"Huo urudishe mfukoni, mke mwenzangu. Wa kushoto haupandi. Ukipanda, ardhi inafunga mdomo, nyumba nzima inalala njaa."

"Lakini ndio ninaoandikia!"

"Ndiyo maana mwandiko wako kama kuku kaparura."

Nikapewa kazi ya kubeba maji. Kwenye mvua! Mimi! Nikasusa. Mbegu nilizokuwa nimechota nilirudi nazo nyumbani, nikajaza udongo kwenye vikopo vya mtindi, nikazipanda zote kwa mkono wa kushoto, taratibu, kwa makusudi. Nikavipanga dirishani chumbani kwangu, juu ya hita, nikavuta pazia.

Masika ya Tottenham yalikuwa ya uongo. Asubuhi moja tulikuta shamba jeupe, umande umeganda kama chumvi iliyomwagwa, na baridi ikakaa. Wiki zikapita, hakuna kilichochomoza. Bibi akachokonoa udongo kwa kidole, akatoa mbegu laini kama uji. Akatoa nyingine, hivyo hivyo. Mama hakutazama udongo. Alikuwa anatazama geti.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

Bibi alifungua ncha ya kanga. Tupu.

Siku hiyo nilimvuta Bibi kwa mkono mpaka chumbani, mama nyuma yetu, nikafungua pazia. Miche ilikuwa imesimama, majani manene yamelalia kioo.

"Nani kapanda?"

Nikauinua ule ule, juu, kama bingwa wa ngumi.

Mama akageuka kumtazama Bibi. Bibi akikataa, hatuna kingine cha kupeleka shambani. Bibi akakaa kitandani kwangu, akaitazama miche, akanitazama.

"Nchi hii kila kitu kinyume," akasema. "Mvua inakuja na baridi, mbegu inalala chumbani kama mzazi aliyejifungua jana. Basi na mkono wake ni wa kinyume. Utapanda wewe."

Baridi ilipoondoka, nikapanda mimi. Mkaguzi alipokuja, maboga yalikuwa yametambaa mpaka njiani. Akataka kuyaruka. Bibi akamfokea kwa Kisambaa kwamba boga halirukwi, litaoza. Mzungu wa watu hakuelewa hata neno, lakini alizunguka. Shamba tunalo hadi leo.

Shule niliiacha mapema, ila hili sihitaji mwalimu kunieleza: ilikuwa hita. Mbegu ya boga inataka joto, ingeota hata ningeipanda kwa mguu. Leo natengeneza bustani za watu, na kila baridi inapoelekea mwisho madirisha yangu yanajaa vikopo, wateja wananisubiri mimi. Najisifu, ndiyo. Lakini kwa miaka jambo moja lilinikera nikiwa peke yangu. Nilitaka uwe mkono.

Mwaka jana nilikwenda Lushoto, masika yenyewe, ya kweli. Majirani walikuja kusaidia kupanda. Bibi akafungua ncha ya kanga, akawapita wote, akanimiminia mbegu kwenye kiganja cha kushoto. Jirani mmoja akaguna.

"Huyu ni mke mwenzangu," Bibi akamwambia. "Wewe shika jembe."

Nikainama, nikapanda mstari mzima.

Na huko hakuna hita.